Kipimo cha Mama Sweta

Kwa miaka kumi na tisa mke wangu amefuma sweta za shule moja, na kwa miaka yote hiyo amezifuma kwa kanda moja ya muziki. Sitanii. Kanda ile ile niliyomrekodia mwenyewe kutoka redioni wakati namchumbia. Watoto wetu wamekua wakiisikia, wakaichoka, wakaoa na kuolewa, wakahama, na kanda bado inazunguka.

Mtaani wanamwita Mama Sweta. Mashine yake iko chumba cha mbele, chini ya dirisha: chuma kirefu chenye sindano mia mbili, na juu yake kipande kinachosukumwa kwenda na kurudi, ambacho sisi tunakiita gari. Akisukuma gari kulia, umepatikana mstari mmoja. Akirudisha kushoto, mstari wa pili. Pembeni kuna kidude cha kuhesabia mistari, tarakimu tatu ndogo nyuma ya kioo, na kila gari likipita kinasogea moja. Karakana yangu ya useremala iko uani, na nikiacha kupiga randa nalisikia gari lake, kwara, kwara, na muziki juu yake.

Muziki wenyewe si wa mchezo. Spika ni zangu, maboksi yake nimeyatengeneza kwa mkono, mbao ngumu, viungo vya kuchonga, humo ndani hakuna msumari hata mmoja. Amplifaya ni ya zamani na nzito, mtu mmoja haiinui. Wageni wakija huwa nawaketisha katikati ya spika mbili, wapende wasipende.

Basi wiki tano kabla ya shule kufunguliwa, deki ya kuchezea ikaila kanda. Niliposikia muziki unaburuta kama mlevi nilitupa randa nikakimbia, lakini wapi! Nilivuta utepe wa kahawia mita na mita, umekunjamana, umekatika sehemu tatu. Mama Sweta akaushika mkononi, akauzungusha vidoleni.

“Sasa nitafumaje?” akauliza.

“Mikono si unayo?” nikamjibu.

“Bila muziki siwezi, fundi.”

Akiniita mzee, tuko salama. Akiniita fundi, ujue nimekosea. Nikaacha utani. Na sifichi, moyoni nilijisikia kidume. Miaka yote hiyo, na mwanamke hawezi kufanya kazi bila nyimbo nilizomrekodia mimi! Nikamwahidi palepale kwamba muziki utarudi, tena mzuri kuliko wa kwanza.

Haikuwa ahadi ya bure. Mwalimu mkuu alikuwa ameagiza sweta sitini za wanafunzi wapya, na alikuwa amemwambia wazi kwamba kuna kiwanda kidogo kimefunguliwa, kina mashine za umeme, kinaitaka kazi ile. Safari hii zikichelewa au zikiharibika, basi. Na mke wangu bila kazi ile mimi namjua. Mwaka alioteguka kifundo cha mkono alikaa wiki sita bila kufuma, akapangua makabati yangu yote, akagombana na majirani wa pande zote mbili, mwisho akawa anakaa tu mbele ya mashine ameweka mkono mzima juu yake. Sitaki kumwona hivyo tena.

Fundi redio aliichungulia deki, akatikisa kichwa. Vipuri hakuna. “Mzee, watu siku hizi wananunua strima,” akasema. Akanieleza: ni kisanduku kinachovuta muziki kutoka kwenye mtandao na kuupeleka kwenye amplifaya yako. Nyimbo zote za dunia zimo. Nikaona mambo si ndiyo hayo!

Asubuhi tunajiandaa kwenda dukani, mama akaniambia, “Mzee, mimi nataka tu kitu ambacho upande ukiisha...”

“Mama, hakuna pande siku hizi,” nikasema. “Kanda zimekufa. Vaa viatu twende.”

Muuzaji alikuwa kijana mwenye shati limebana na maneno mengi. Akaniwekea kaunta kisanduku cheusi, laini kama kipande cha sabuni, hakina kitufe wala pa kushika. Nikamwambia kwamba mimi natengeneza vitu, na kitu kisicho na pa kushika kwangu mimi hakijamalizika. Akacheka, akadhani ni mzaha. Nikakinunua hivyo hivyo, kwa haraka. Nyumbani nikakigeuza nyuma: tundu moja tu, ndani yake kinawaka kimwanga chekundu. Amplifaya yangu ina matundu mawili, jekundu na jeupe, na hayajui habari za mwanga. Nikarudi dukani jua la saa sita.

“Mzee, tatizo ni amplifaya yako, ni ya zamani,” muuzaji akaniambia.

Nikamjibu kwamba yeye naye ni wa juzi na sijamlalamikia.

Akanibadilishia. Cha pili kilikuwa na matundu yanayotakiwa, nyaya zikaingia, nikashangilia kabla ya wakati. Kumbe hakisikii la mtu, kinasikia simu tu. Nipakue programu kwenye simu. Nikapakua. Programu ikataka barua pepe. Nikaweka. Ikataka neno la siri lenye herufi kubwa, herufi ndogo, tarakimu na alama. Nikaweka jina la mti ninaoupenda, ikaniambia ni dhaifu. Mninga, dhaifu! Halafu ikatuma namba ya uthibitisho kwenye barua pepe, na barua pepe nayo ikataka neno lake la siri, ambalo alilitunga binti yetu miaka sita iliyopita na hakuna aliyelikumbuka. Kichwa kikaniwaka moto. Siku mbili nzima sikugusa ubao. Nilipofanikiwa, nikagundua kwamba nikiondoka na simu yangu kwenda kwa mteja, mama anabaki na sanduku bubu, maana simu yake yeye ni ya vitufe. Kurudi tena dukani.

Safari ya tatu nilikwenda naye tena. Siku zilikuwa zinakatika na sweta hata moja haijaanza. Nilimwambia muuzaji nataka chenye kitufe cha kuzungusha, rimoti, na sauti safi. Hilo la sauti nililitilia mkazo. Akaanza kunimwagia habari za biti ishirini na nne na sampuli elfu ngapi sijui kwa sekunde, nami natikisa kichwa kama ninayeelewa.

“Samahani, mwanangu,” mama akamwambia, “kuna kinachopiga mlio kikimaliza? Maana mimi...”

“Mlio!” nikadakia. “Sisi tunatafuta sauti safi, wewe unatafuta makelele?”

Muuzaji akacheka. Basi kijana akatutolea kimoja kipana, uso wa alumini, kioo kikubwa cha rangi. Akakiwasha. Kwenye kioo yakatokea maandishi meupe juu ya rangi nyekundu: mtandao haupatikani, jaribu tena.

“Picha nzuri,” mama akasema. “Inang’aa.”

Nilidhani ananidhihaki. Nilimkata jicho hilo! Mimi nimezunguka wiki nzima, miguu imevimba, yeye anasifia tangazo la hitilafu. Nikakilipia bila kumuuliza tena.

Jioni ile nikampigia simu binti yetu atusaidie kupanga nyimbo. Nilimtajia moja baada ya nyingine, kwa mpangilio ule ule wa kanda: ule wa tarumbeta, ule wa mwanamke anayelalamikia barua, ule wenye kinubi, mpaka wa tisa, unaomaliza upande wa kwanza. Halafu upande wa pili, orodha yake peke yake. Zote zimo kichwani mwangu.

Mama alikuwa amesimama nyuma yangu. “Mzee, kuhusu hizo nyimbo, zile zako zilikuwa...”

“Ninazijua, mama. Zote. Aliyezirekodi ni nani?”

Akaenda jikoni.

Jamani, zilipolia! Sikuwahi kuzisikia hivyo. Wakati ule nilikuwa narekodi kidole kiko kwenye kitufe, mtangazaji akinyamaza ndipo nabonyeza, kwa hiyo mwanzo wa kila wimbo ulikuwa umeliwa, na mwisho mtangazaji anaingilia, nazima. Sasa kumbe ule wa tarumbeta una utangulizi mrefu wa gitaa! Kumbe ule wa barua mwishoni mwanamke anasamehe! Nilikaa katikati ya spika zangu machozi yananilengalenga, nikasema moyoni kwamba taabu yote imelipa.

Siku ya kwanza ya kazi nilirudi kutoka kwa mteja nikamkuta bado anasukuma gari, na mkono wa sweta unaning’inia kutoka mashineni mpaka sakafuni. Mkono wa mtoto wa miaka saba! Kisanduku kilikuwa kimemaliza nyimbo zetu zamani, kikajiendea na nyingine kinazozipenda chenyewe.

“Utamu umekuzidi,” nikamwambia, nikacheka mpaka mbavu zikauma.

Hakucheka. Alikaa akaufumua wote, akauzungusha uzi kwenye kibonge. “Kiambie kinyamaze zikiisha,” akasema tu. Binti akanielekeza, nikakiwekea hivyo, na toka hapo kila orodha ikiisha kinanyamaza. Mama akashika kazi. Alifuma kama mtu anayefukuzwa. Vipande vikiwa tayari navifunga kwenye mfuko navipeleka kwa mshonaji wa mtaa wa pili, ambaye huviunganisha kwa cherehani na kupeleka moja kwa moja shuleni. Kila kitu kikaenda barabara. Mimi nikawa naalika watu waje kusikia spika.

Siku ya kumi na mbili mwalimu mkuu akaja mwenyewe, na gunia. Hakukaa. Akatoa sweta moja, akaishika mabegani, mikono ikaanguka. Akatoa ya pili, vivyo hivyo.

“Mama Sweta, ishirini na nane, zote hivi,” akasema kwa upole, na ule upole ndio uliouma. “Watoto wakivaa, mikono haionekani. Na kiuno kiko magotini. Shule inafunguliwa baada ya wiki mbili. Mimi nakuheshimu, lakini wiki ijayo nisipoona sweta sahihi nitawaita wale wa kiwandani. Sina namna.”

Alipotoka hasira zikanipanda. Mambo yote haya, safari zote zile dukani, halafu kazi inaharibika kwa uzembe! Nikamwambia mama maneno. Nikamwambia kwamba miaka kumi na tisa hakuwahi kukosea, iweje leo nimemletea muziki wa kifalme ndiyo anavuruga? Akazikunja sweta moja moja magotini, haniangalii.

Nikachukua futi yangu ya chuma nimwonyeshe alivyokosea. Nikapima mkono wa kwanza: sentimita arobaini na nane. Wa pili: arobaini na nane. Nikapima kumi. Nikaleta sweta ya zamani ya mwaka jana, nikapima: arobaini. Mtu mzembe hukosea leo hivi kesho vile. Mikono hamsini na sita haiwezi kukosea sawasawa kwa vidole vinne kwa uzembe. Kwenye useremala, ukiona miguu yote ya viti imezidi kwa kiasi kilekile, humgombezi anayekata. Unakwenda kuangalia kipimo anachokatia.

Nikaenda kwenye mashine. Kipande cha mwisho bado kilikuwa kimening’inia kwenye sindano, mkono mzima, umemalizika. Kidude cha kuhesabia kilikuwa kizima kabisa. Kilisoma mia moja hamsini na sita.

“Mama,” nikaita. “Mkono mmoja una mistari mingapi?”

“Mia na thelathini.”

“Na hapa imefika mingapi?”

Akaja, akaketi kitini pake, akainama mpaka pua ikakaribia kugusa kioo. Niliona mgongo wake umekaza.

“Mia na thelathini,” akasema.

Nikakumbuka kioo cha dukani, maandishi meupe juu ya nyekundu, picha nzuri, inang’aa.

“Tangu lini?” nikauliza.

“Miaka miwili. Kwanza tarakimu, halafu na nyuso. Wewe nakujua kwa mwendo.” Alisema bila kulia, kama anataja bei ya uzi. “Nyuzi naziona kwa vidole, sindano nazijua. Hesabu ndiyo iliyonishinda. Nikihesabu kichwani, nikifika sabini unaingia kuuliza chumvi iko wapi. Ndipo nikaifanya kanda iwe kipimo. Naenda na mdundo, gari halipungui wala halizidi. Upande wa kwanza ukiisha, deki inaruka, tak, mkono mmoja uko tayari. Upande wa pili, mwili. Haijawahi kunidanganya.”

Kumbe hivyo. Si mimi, si uchumba wangu, si spika zangu. Nilichomrekodia kilikuwa futi ya kupimia, na nilipomletea zile nyimbo nzima nzima, kila mmoja na utangulizi wake na mwisho wake, nilimrefushia futi kwa vidole vinne na kumwita mzembe.

“Kwa nini hukuniambia?” Nilipandisha sauti, Mungu anisamehe. “Mimi mumeo! Ningekupeleka hospitali miaka miwili iliyopita!”

“Na huko wangeniambia niache mashine. Nami nikiacha mashine nafanya nini? Hilo nilikuficha kweli.” Akageuza uso kunielekea, kidogo pembeni ya mahali nilipokuwa. “Lakini kanda ilipokufa nilijua siwezi kuficha tena. Nilianza kukuambia mara tatu, fundi. Siku ya kwenda dukani. Halafu palepale dukani. Na siku ile unamtajia binti nyimbo.”

Nilizihesabu. Zilikuwa tatu. Na kila moja nilikuwa nayakumbuka maneno niliyomkatizia, neno kwa neno, hata sauti niliyotumia.

Binti alitafuta daktari wa macho, na wiki ile ile tukaenda. Alimmulika muda mrefu, akasema ni mtoto wa jicho, macho yote mawili, kunaweza kufanyika upasuaji, na baada yake huenda akaona vizuri tu. Nafasi ya karibu ilikuwa mwezi wa pili baada ya shule kufunguliwa. Mama akauliza swali moja: mpaka siku hiyo anaruhusiwa kufuma? Daktari akasema kufuma hakudhuru. Miaka miwili alikuwa akiogopa jibu hilo. Nilitoka nje nikakaa kwenye benchi.

Zilibaki siku nne za kazi kabla ya siku ya mwalimu mkuu. Tulifumua sweta ishirini na nane, yeye anavuta uzi, mimi nazungusha kibonge. Halafu nikachomoa strima, nikaifunika kitambaa. Nikavuta kigoda changu cha karakana nikakiweka kando ya mashine, pale penye kile kidude, nikavaa miwani.

“Sukuma,” nikamwambia. “Moja.”

Gari likapita, kwara.

“Mbili.”

Siku nzima. Mteja akija namwonyesha kwa mkono asubiri. Simu ikilia nailaza kifudifudi. Nilitaja mia na thelathini, mkono mmoja, nikapima kwa futi, arobaini kamili, tukaanza mwingine. Sauti ilinikauka, koo likawasha, na spika zangu zisizo na msumari zimesimama pale ukutani bila kazi.

Kwenye mkono wa nane, nilipofika sitini na mbili, nikakumbuka jambo dogo, kama lile la chumvi, nikafungua mdomo kumuuliza. Nikaufunga. Lakini hesabu ilikuwa imeshakatika, na gari likasimama. Mama akageuza uso, safari hii moja kwa moja kwenye sauti ilipokuwa.

“Sitini na tatu, mzee,” akasema. “Endelea, nakusikiliza.”